Taa ya cheki injini ilitoka wapi?

Juzi taa ya cheki injini iliwaka kwenye gari langu. Fundi wa mtaani akaniambia, "Kaka, hiyo isikupe presha, nakuchomolea balbu." Nusura nikubali. Nilipofika nyumbani nikaanza kuchimba historia yake.

Wadau, taa hii ni mtoto wa moshi wa Los Angeles. Mwaka 1943 jiji lile lilifunikwa na ukungu mchafu, watu wakawa wanatokwa machozi barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kuwa moshi wa magari ukipigwa na jua ndio unaozaa ukungu ule. Baadaye magari yakafungwa masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Sasa masega yakifa, dereva atajuaje? Gari si linatembea tu! Ndipo California ikataka magari mapya, kuanzia modeli ya 1988, yajichunguze yenyewe na kuwasha taa. Mwaka 1996 Marekani nzima ikaingia kwenye mfumo mmoja, OBD-II, wenye soketi moja na kodi zinazofanana.

Ikiwaka mfululizo na gari linakwenda vizuri, usiingiwe na hofu, kapime kodi mapema. Ikiwa inapepesa, mara nyingi injini inamisi, na petroli isiyoungua inakwenda kuyaunguza masega. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama.

Yangu? Kodi ilikuwa P0301, silinda namba moja inamisi. Nimebadilisha plagi, taa imezimika. Balbu iko pale pale.