Fundi Bomba wa Preston

Husemwa mara kwa mara ya kuwa wachezaji mpira wa Uingereza wa zamani walikuwa waungwana kwa mashabiki kuliko wa leo. Neno hili lataka kupimwa. Tom Finney aliichezea Preston North End toka 1946 hata 1960, naye alikuwa fundi bomba mjini humo. Aliyemshangilia Jumamosi aliweza kumwita Jumatatu kwa bomba lililovuja. Uungwana wake haukanushiki. Lakini ujirani ule uliletwa na kanuni pia: hata Januari 1961 mshahara wa mchezaji haukuruhusiwa kupita pauni 20 kwa juma. Kanuni ilipofutwa, Johnny Haynes wa Fulham alilipwa 100. Basi tusiiite dhuluma ya waajiri unyenyekevu wa wachezaji. La kusifiwa ni salamu iliyotolewa kwa hiari.