Chato, Mji wa Kando ya Ziwa

Juma hili tuutazame mji wa Chato, ulio kando ya Ziwa Viktoria. Zamani sehemu ya Biharamulo, mkoani Kagera, Chato iliingizwa katika mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Wenyeji wake ni wakulima, wafugaji na wavuvi. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa humetameta majini kama mji wa pili. Kukipambazuka, dagaa huanikwa juani.

Mwaka 2015 mwana wa mji huu, John Magufuli, alichaguliwa kuwa Rais, na Chato ikapata uwanja wa ndege na hospitali ya kanda. Tarehe 26 Machi 2021 akazikwa huko huko nyumbani.

Tujiulize basi: mji huu utasimama juu ya nini? Sifa ya mtu mmoja, hata awe mkuu, haimlishi mtoto wa mvuvi. Ziwa ndilo limlishalo, nalo huchoka kokoro linapokokotwa katika mazalia ya samaki. Tusipoyalinda mazalia hayo, tutabaki na majengo mazuri na mitumbwi mitupu.