Reli Iliyotupita Kando

Wiki iliyopita, katika somo la historia ya uchukuzi, nilikuwa nikieleza jinsi njia za treni za chini ya ardhi zinavyobadilishwa katika jiji kama London: kituo hiki kinafungwa, njia ile inarefushwa, na thamani ya nyumba inapanda au kushuka kwa uamuzi huo. Mwanafunzi mmoja kutoka Kibondo alinyoosha mkono. "Dokta," aliuliza, "sisi tuliokulia mahali ambapo treni haijawahi kufika, tuna historia gani ya njia?" Wenzake walicheka. Mimi nilizaliwa Kasulu, kwa hiyo sikucheka. Makala haya ni jibu ambalo sikuweza kulimaliza siku ile.

Tuanze na karne ya 19. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji, ambako Burton na Speke walifika Februari 1858. Njia hiyo ilipita kusini ya nyanda zetu za juu, lakini Buha haikuwa kisiwa. Watu wa Heru, Muhambwe na Buyungu walikuwa na njia zao za kwenda ziwani, za kuvuka kuingia Burundi, na za kushuka Uvinza kufuata chumvi. Njia hizo zilichorwa na nyayo za wenye haja nazo.

Kisha wakaja Wajerumani na reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Walichokitafuta kilikuwa biashara ya Ziwa Tanganyika na nchi za ng'ambo yake. Hata Ujiji, mji uliokuwa maarufu kabla ya reli kuwazwa, uliachwa kilomita chache pembeni kwa sababu ghuba ya Kigoma ilifaa zaidi kwa bandari. Reli ilifuata nchi ya chini na kupita Uvinza. Kasulu na Kibondo zikabaki juu ya vilima.

Tuwe waadilifu: hakuna mhandisi anayependa kupandisha treni mlimani pasipo sababu. Kupitwa na reli peke yake si dhuluma. Dhuluma ilikuja baadaye, pale utawala wa Waingereza ulipoifanya Buha kuwa ghala la vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, huku njia za kuzipata fedha hizo nyumbani zikiwa finyu mno. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa maeneo yaliyotegemewa sana. Vijana waliandikishwa, wakapewa namba, wakaitwa manamba, wakasafirishwa hadi mashamba ya Tanga na Morogoro. Wengine hawakurudi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, reli ilituhudumia: shehena tuliyoipakia ilikuwa watu.

Uhuru ulibadilisha mengi, lakini si mwelekeo huo kwa haraka. Katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, familia nyingi zilihamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kupelekwa katika vijiji vipya, vingi vikiwa kando ya barabara. Serikali ilikuwa na nia ya kuwafikishia watu shule, maji na zahanati. Hata hivyo, waliohamishwa waliacha migomba yao nyuma, na barabara waliyosogezewa iliendelea kuwa ya vumbi na tope kwa miongo kadhaa. Nilipokuwa mwanafunzi, mabasi kati ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi yalisubiriana ili yaondoke pamoja chini ya ulinzi wa askari wenye silaha, kwa hofu ya majambazi. Safari ya kwenda chuo ilianza kwa kuhesabu bunduki.

Leo lami imefika. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na anayebeza mafanikio hayo hajawahi kusukuma basi kwenye tope. Wakati huohuo reli nyingine inakuja. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na ule wa Uvinza hadi Musongati, Burundi, ukasainiwa Januari 2025. Musongati ina nikeli. Kwa mara nyingine, njia inachorwa kwa ajili ya kitu kilichoko mbele yetu.

Sipingi reli hiyo. Ninachotaka ni kwamba safari hii tuulize mapema yale ambayo babu zetu hawakupewa nafasi ya kuyauliza. Stesheni zitakuwa wapi? Mkulima wa maharage au mihogo wa Kasulu atafikaje hapo akiwa na magunia yake, na atakuta ghala au atakuta uzio? Nauli ya mzigo mdogo itakuwa kiasi gani? Anayepisha njia atalipwa kabla ya tingatinga kufika au baada?

Watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, majibu hayo mnaweza kuyabandika kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata kabla ya kazi kuanza. Haihitaji bajeti kubwa. Nanyi wanafunzi wangu, mkienda likizo, waulizeni wazee waliokwenda mkonge walipandia treni stesheni gani na walikuwa wamebeba nini. Yaandikeni majibu yao mje nayo darasani. Huko ndiko historia yetu ya njia iliko, na wenye kuikumbuka wanazidi kupungua.