Wageni wa Jukwaani, Pande Mbili za Songwe

Fikra ya kuwa na chuo kikuu kando ya Ziwa Nyasa ni ya zamani kuliko Tanzania yenyewe. Mwaka 1894 wamisionari wa Kiskoti chini ya Dk. Robert Laws walianzisha Taasisi ya Overtoun huko Kondowe, mlimani upande wa magharibi wa ziwa. Laws alitamani siku moja iwe chuo kikuu. Aliondoka mwaka 1927 bila ndoto hiyo kutimia.

Jukwaa la Overtoun lilikuwa la misheni, na sauti iliyosikika ilikuwa ya misheni. Mpinzani wake mkubwa alitoka humohumo. Elliot Kamwana, aliyesomeshwa na misheni hiyo ya Livingstonia, alirudi mwaka 1908 na mahubiri ya madhehebu ya Watch Tower. Alibatiza maelfu kando ya ziwa, akitangaza kwamba mwaka 1914 mambo ya dunia yangepinduka. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ikamwondoa. Miaka 3 baadaye, mjini Karonga, mwendo wa siku moja tu kwa mguu kutoka Mto Songwe ulio mpakani mwa Malawi na Tanzania ya leo, wasomi wa misheni akiwamo Levi Mumba waliunda Chama cha Wenyeji wa Nyasa Kaskazini. Hawakusubiri kualikwa na mtu. Walijiandalia baraza lao, wakazungumzia mambo ya serikali yaliyowagusa.

Upande wetu wa mto, Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, wakati Kyela ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Kitabu cha Monica, *Good Company*, kilitoka mwaka 1951. Kinaeleza vijiji vya marika, ambamo vijana walijenga pamoja, wakala pamoja na kuchota busara katika maongezi ya wenzao. Wasomi wetu hupenda kukitaja kitabu hiki kama ushahidi kwamba mdahalo ni mila ya hapa. Ni kweli, ila nusu. Waliokaa kuongea walikuwa wanaume wa rika moja. Baraza la namna hiyo hufundisha kusikilizana, lakini anayetofautiana nawe kutoka mbali halimleti.

Wa kutoka mbali walifika Mlimani, Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Baada ya Azimio la Arusha, kijana aliyetoka Kyela akapanda basi kupitia Tukuyu na Mbeya aliingia kwenye ukumbi ambao dunia nzima ilikuwa inaupitia. Mwandishi C.L.R. James alikuja kuzungumza. Mwanaharakati wa Wamarekani weusi, Stokely Carmichael, alifika jijini mwaka 1967, akawakosoa hadharani viongozi wa vyama vya ukombozi, nao hawakufurahi. Mwaka huohuo wanafunzi, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wao, waliunda USARF, umoja wa wanamapinduzi wa Afrika chuoni.

Je, kulikuwa na mawazo tofauti? Yalikuwapo, lakini ndani ya nyumba moja: huyu Mmarx wa mrengo huu, yule wa mrengo ule. Mliberali alipaswa kutafutwa Kampala. Mwaka 1970 Walter Rodney, mwanahistoria wa Mlimani, alikwenda Makerere kumkabili Ali Mazrui, na mpaka leo waliokuwapo wanabishana nani alishinda. Mimi naona tukio lile lina uzito kuliko mihadhara kumi ya kupigiana makofi, kwa sababu kila mmoja alilazimika kujibu hoja aliyoiogopa.

Hata ndani ya nyumba moja kuta zilikuwapo. Desemba 1969, kwenye semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati, Rodney alitoa mada juu ya itikadi ya mapinduzi ya Afrika. The Nationalist, gazeti la TANU, likaichapa, kisha likamshambulia kwa tahariri kali. Rodney akaliandikia gazeti hilohilo kujieleza. Kwa hesabu yangu, hilo bado lilikuwa jambo la heri: mgeni alisema, mwenyeji akakataa, mgeni akajibu. Novemba 1970 mambo yaligeuka, USARF na jarida lake la Cheche vikapigwa marufuku. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa wanafunzi, akafukuzwa chuoni.

Ng'ambo ya Songwe hali ilikuwa nzito zaidi. Chuo Kikuu cha Malawi kilianzishwa mwaka 1964, kiongozi wa nchi Kamuzu Banda akiwa mkuu wake. Jack Mapanje, mshairi na mwalimu wa Chancellor College, tawi la chuo hicho lililoko Zomba, aliwekwa kizuizini mwaka 1987 akatoka 1991. Waliompinga Banda walihamia kwetu: Kanyama Chiume aliishi Dar es Salaam, Henry Chipembere alifundisha Chuo cha Kivukoni. Kwa hiyo Dar iliisikia Malawi kupitia wakimbizi wake tu, na Zomba haikuisikia Dar kabisa.

Ukimya huo ulikuja wakati mbaya. Mwaka 1967 Tanzania ilidai mpaka upite katikati ya ziwa. Malawi ilishikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890 unaouweka ufukweni. Septemba 1968 Banda akaenda mbali zaidi, akadai hata Tukuyu na Mbeya. Mwaka 2012 mgogoro ulifufuka kwa sababu ya leseni za kutafuta mafuta, ukapelekwa kwa marais wastaafu Joaquim Chissano, Thabo Mbeki na Festus Mogae wausuluhishe. Mvuvi wa Matema anayetega mbasa na dagaa alisikia habari hizo redioni.

Mwaka 2009 Kigoda cha Mwalimu Nyerere kilimleta mwandishi Wole Soyinka Mlimani. Lilikuwa jambo jema, lakini Soyinka hakuwa na ugomvi na ziwa letu. Mbeya leo ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na chuo cha Teofilo Kisanji; Mzuzu ina chuo kikuu tangu 1997. Wakuu wa vyuo hivyo waandae mdahalo mmoja wa mpaka, Mmalawi na Mtanzania wakiwa meza moja, waufanyie Kyela mjini kwa Kiswahili, Kinyakyusa na Kichewa, na viti vya mbele wapewe wavuvi.