Moto na Joto katika Kanuni za Ujenzi za Uingereza

Sheria za ujenzi za Uingereza zilizaliwa na moto wa miji, na kwa zaidi ya miaka mia saba hazikujishughulisha hata kidogo na joto linalovuja kutoka ndani ya nyumba. Mwishoni mwa karne ya 12 jiji la London lilikuwa tayari limeweka masharti juu ya ukuta wa pamoja, yaani ukuta unaotenganisha nyumba mbili zilizoungana, ambao ukijengwa kwa mawe ulitakiwa uwe na unene wa futi 3, na baada ya moto wa mwaka 1212 mapaa mapya ya nyasi na matete yalipigwa marufuku. Hata hivyo mbao ziliendelea kuwa rahisi kuliko mawe, na moto uliozuka kwenye tanuri la mwokaji mikate katika mtaa wa Pudding Lane tarehe 2 Septemba 1666 uliukuta mji ambao bado ulikuwa wa mbao, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa ya parokia 87 kabla ya kudhibitiwa.

Sheria ya kuujenga upya mji huo, iliyopitishwa mwaka 1667, ilipata nguvu yake katika jambo moja: ilitaja vitu vyenyewe. Iliagiza kuta za nje zijengwe kwa tofali au mawe, ikagawa nyumba katika aina nne kulingana na barabara zilizokabiliana nazo, ikaeleza idadi ya ghorofa na unene wa ukuta wa kila ghorofa, na ikatoa ruhusa ya kuteuliwa wakaguzi wa kusimamia utekelezaji. Mkaguzi wa namna hiyo hakuhitaji elimu ya kemia, kwani utepe wa kupimia na macho mawili vilimtosha. Sheria zilizofuata ziliendelea na mtindo huohuo. Ile ya mwaka 1707 ilikataza urembo wa mbao chini ya paa na kutaka ukuta wa pamoja upande juu ya paa kwa inchi 18, na ya 1709 ikaamuru fremu za madirisha zisogezwe ndani inchi 4 kutoka uso wa ukuta, ili ndimi za moto zinazopanda zisizifikie. Sheria ya mwaka 1774 ilifika mbali zaidi, kwa kuwa iliyaweka majengo yote katika madaraja saba na kutaka visanduku vya mbao vya madirisha vifichwe nyuma ya tofali. Sura ya mitaa ya London ya karne ya 18, ambayo wengi huisifu kwa unadhifu wake, kwa sehemu kubwa ni kazi ya watu walioogopa moto.

Joto liliingia katika kanuni kwa mlango mwingine kabisa. Kanuni za kwanza za kitaifa, za mwaka 1965, ambazo zilihusu Uingereza na Wales lakini hazikuingia katikati ya London, ziliweka kikomo cha kiasi cha joto kinachoruhusiwa kupita ukutani. Kipimo chake huhesabiwa kwa wati zinazopita katika mita moja ya mraba ya ukuta kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kadiri tarakimu inavyopungua, ndivyo ukuta unavyohifadhi joto zaidi. Kikomo cha kwanza kilikuwa 1.7, nacho kilikusudiwa hasa kupunguza unyevu na ukungu unaodhuru afya, wala si kuokoa mafuta. Ukuta wa kawaida wa tabaka mbili za tofali na matofali ya saruji, zenye uwazi katikati, uliweza kukifikia bila kuongezwa kitu.

Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwishoni mwa 1973, hesabu ilibadilika. Sheria ya mwaka 1974 ilipanua madhumuni ya kanuni za ujenzi ili zihusu pia uhifadhi wa nishati, na kikomo cha kuta kikashuka hadi 1.0 mwaka uliofuata, kikawa 0.6 katika miaka ya mwanzo ya 1980 na 0.45 mwaka 1990. Tarakimu hizo huonekana kama jambo la wahasibu, lakini matokeo yake yalikuwa ya kimwili. Kwa karne tatu ukuta mmoja wa tofali ulikuwa umebeba mzigo, umezuia mvua na umekataa kuwaka. Sasa ulihitaji msaidizi, nao wasaidizi waliokuwa wepesi na wembamba zaidi katika kuhami joto walikuwa mapovu ya plastiki, ambayo huungua.

Wakati uleule namna ya kutunga sheria yenyewe iligeuzwa. Kanuni za mwaka 1985, zilizotokana na Sheria ya Ujenzi ya 1984, ziliacha kutaja vifaa na vipimo zikataja malengo: kwamba kuta za nje zihimili ipasavyo kuenea kwa moto, na kwamba nishati ihifadhiwe kwa kiwango kinachofaa. Maelezo ya namna ya kuyafikia malengo hayo yaliwekwa katika vitabu vya mwongozo vilivyopewa herufi, B kikiwa cha moto na L kikiwa cha nishati. Mfumo huu ulienea hadi katikati ya London mwaka 1986, ukachukua nafasi ya masharti ya jiji yaliyotaka kuta za nje zistahimili moto kwa saa moja. Badala ya sharti hilo mwongozo uliridhika, kwa majengo marefu, na kiwango kilichoitwa Daraja 0, ambacho kilipima jinsi moto unavyotambaa juu ya uso wa kifaa na joto ambalo uso huo hutoa. Kilichokuwa ndani ya kifaa hakikuangaliwa kwa ukali uleule. Mwaka 1985 wenyewe hauwezi kulaumiwa kwa yote, maana sheria ya malengo huruhusu ubunifu ambao sheria ya 1774 ingeuzima, lakini sheria ya aina hiyo huhitaji mkaguzi mwenye ujuzi zaidi ya yule wa 1667, naye hakuandaliwa.

Mahali ambapo vitabu viwili vilikutana palikuwa kuta za maghorofa ya zege yaliyojengwa na mabaraza ya miji katika miaka ya 1960 na 1970. Majengo hayo yalikuwa baridi na yenye unyevu, na dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuyavika vazi jipya kwa nje: kihami joto kinagandishwa kwenye zege, nafasi ya hewa inaachwa ili unyevu ukauke, kisha mabamba yanafungwa mbele kuzuia mvua. Moto ukiingia katika nafasi hiyo, huvutwa juu kama moshi ndani ya dohani. Jambo hili lilionekana Knowsley Heights, karibu na Liverpool, mwaka 1991, na tena Garnock Court katika mji wa Irvine, Uskoti, mwaka 1999, ambako mtu mmoja alikufa. Kamati ya Bunge iliyochunguza kisa cha pili ilisema kwamba haifai kungojea vifo vingi ndipo hatua zichukuliwe. Uskoti, yenye kanuni zake yenyewe, ilibana masharti ya kuta za majengo marefu. Kwa upande wa pili wa mpaka, onyo hilo halikuzaa mabadiliko ya kutosha. Watu sita walipokufa katika moto wa ghorofa la Lakanal House, kusini mwa London, Julai 2009, msimamizi wa uchunguzi wa vifo alimwandikia waziri mwaka 2013 akipendekeza kitabu B kifanyiwe mapitio, lakini mapitio hayo yalikuwa bado hayajakamilika miaka minne baadaye.

Grenfell Tower, jengo la ghorofa 24 magharibi mwa London, lilikamilika mwaka 1974 na kuvikwa upya katika ukarabati uliomalizika 2016, ambao miongoni mwa malengo yake lilikuwa kuwapa wakazi nyumba zenye joto. Mabamba yaliyotumika yalikuwa na unene wa milimita 4: karatasi mbili za alumini za nusu milimita kila moja, na katikati yake milimita 3 za poliethilini, plastiki inayoyeyuka na kudondoka ikiwa inawaka. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulioanzia kwenye friji katika ghorofa ya 4 ulipenya dirishani, ukashika mabamba, ukafika kileleni kwa muda usiozidi nusu saa. Walikufa watu 72. Wengi wao walikuwa wameambiwa wabaki ndani, kwa sababu ushauri wa zimamoto kwa maghorofa ya aina hiyo ulitegemea dhana kwamba kila nyumba ni kisanduku cha zege ambacho moto hautoki. Dhana hiyo ilikuwa ya kweli mwaka 1974.

Mabadiliko yaliyofuata yalirudi kwa sehemu katika desturi ya kutaja vitu. Desemba 2018 vifaa vinavyoungua vilipigwa marufuku katika kuta za nje za majengo mapya ya makazi yenye urefu wa mita 18 au zaidi, mwaka 2020 vinyunyizio vya maji vikatakiwa katika maghorofa mapya ya makazi yanayozidi mita 11, na Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 ikaunda msimamizi wa kitaifa ambaye ruhusa yake hutakiwa kabla ujenzi wa jengo refu haujaanza. Daraja 0 lilifutwa katika mwongozo kuanzia Machi 2025. Wakati huohuo kitabu L kilikazwa tena mwaka 2022 ili kupunguza hewa ya ukaa, hivyo msanifu wa jengo refu huandika jina la sufi ya mawe, isiyoungua, palipokuwa na povu la plastiki. Kwa kuwa sufi hiyo huzuia joto kwa uhafifu zaidi, huhitaji unene wa takriban mara moja na nusu ili kufikia tarakimu ileile, na tofauti hiyo ya sentimita kadhaa hukatwa katika eneo la vyumba, huongezwa kwenye gharama ya msingi na vishikizo, au hujadiliwa upya na mwenye ardhi kuhusu mpaka wa kiwanja.