Tarehe ya Stripu ya Sukari na Mpagazi Wake

Wanaoandika habari za stripu ya kupimia sukari humtaja kwanza Leland Clark wa Marekani, aliyeeleza mwaka 1962 namna ya kuweka kimeng'enya juu ya elektrodi. Updike na Hicks wakafuata 1967.

Clark apewe ukirangozi, maana alitangulia. Lakini sisi wa Unyanyembe, wajukuu wa wapagazi na raia wa watemi Fundikira na Isike, tunauliza: mzigo ulibebwa na nani? Kimeng'enya huipokonya glukosi elektroni zake, kisha sharti awepo wa kuzipokea. Kwa Clark mpokeaji alikuwa oksijeni, nayo katika damu mara hupungua, mara huzidi. Msafara gani ulifika pwani kwa mpagazi anayekuja siku aitakayo? Mwaka 1984 watu wa Oxford na Cranfield, akina Cass, Hill na Turner, wakamweka mpagazi mwingine: ferosini, molekuli yenye chuma katikati. Huzitwaa elektroni kwenye kimeng'enya, huzitua kwenye kaboni, hurudi kutwaa nyingine, kama babu zetu walivyoshuka Bagamoyo na pembe wakapanda na nguo. Huyo ndiye mwanzilishi ninayemtambua mimi.

Na asali nisiipite. Wazee wa kwetu Tabora hupaka kidonda asali mbichi, wakisema nyuki ametia dawa humo. Ni kweli tupu. Nyuki hutia katika asali kimeng'enya cha aina ile ile iliyomo kwenye stripu. Asali ikikutana na majimaji ya kidonda hutoa haidrojeni peroksidi, inayoua vijidudu. Cha maabara hutolewa kwenye kuvu, Aspergillus niger, lakini nyuki wa miombo yetu alikuwa nacho kabla Clark hajazaliwa.

Turudi njiani. Mwaka 1987 MediSense ilitoa ExacTech, kipimo chenye umbo la kalamu. Stripu zake zilichapwa kama zinavyochapwa fulana za kampeni: wino wa kaboni husukumwa kwa raba upite kwenye wavu, ukakauke juu ya plastiki. Hivyo hutoka nyingi kwa mkupuo, na mtu hutumia moja akaitupa. Baadaye wakaja warithi wa ferosini, ferisianidi miongoni mwao.

Leo kidole kikichomwa pale hospitali ya Kitete, Tabora, tone la damu hunyonywa na stripu, na kifaa husoma umeme mdogo sana. Umeme huo ni hesabu ya mizigo iliyotuliwa kwenye kaboni: ikiwa mingi, sukari iko juu.