Kabla Bomba Halijaingia Ziwani, Tuulize Kuhusu Tawi

Simama Oyugis au Rongo asubuhi, utaona malori ya mafuta yakishuka moja baada ya jingine. Petroli ya Homa Bay na Migori inafika kwa barabara. Kenya Pipeline ina depo Mombasa, Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu. Huku kwetu, hakuna. Ndiyo maana kila tarehe 14, EPRA wakitangaza bei, gharama ya safari iko ndani ya ile tunayolipa. Mvuvi wa Sori anayeweka petroli kwenye injini ya boti anailipia, na mwenye bodaboda pale Awendo vilevile.

Kila nikiongea juu ya hii maneno, hakosi mtu wa kuniambia: si wapitishe tu bomba chini ya ziwa? Litoke Kisumu, lifuate Ghuba ya Winam, halafu watoe tawi moja liingie Homa Bay, lingine Mbita, lingine literemke Karungu. Na ili tusiogope kuvuja, waweke bomba la kuta mbili. Bomba ndani ya bomba. Mambo kwisha.

Ni wazo tamu, na mimi silicheki. Lakini nimesoma historia ya mabomba ya hapa kwetu na ya ng'ambo, na maoni yangu ni haya: tukiambiwa habari ya bomba la majini, swali la kwanza lisiwe urefu wala bei. Liwe hili: tawi litatoka wapi?

Tuanzie nyumbani. Kabla ya 1978, mafuta ya Kenya yalitoka Mombasa kwa reli na kwa malori. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa 1973, na 1978 bomba la kwanza, la inchi 14 na urefu wa kilomita 450 hivi, likaanza kusukuma mafuta mpaka Nairobi. Wakati huo Homa Bay na Migori zilikuwa bado wilaya moja, South Nyanza, na makao makuu yalikuwa Homa Bay. Bomba liliishia Nairobi. Magharibi tulingoja miaka 16.

Mwaka 1994 ndipo mafuta yalipofika Magharibi kwa bomba. Hapo ndipo tunakutana na tawi letu la kwanza la maana. Bomba kutoka Nairobi lilipita Nakuru kuelekea Eldoret, na likiwa njiani, mahali panapoitwa Sinendet, likatoa mkono kuja Kisumu. Mkono huo ulikuwa mwembamba, inchi 6, karibu kilomita 120. Mwaka 2016 likaongezwa bomba la pili la inchi 10 kutoka Sinendet hapo hapo. Kwa hiyo kila tone la petroli lililofika Nyanza kwa bomba limepitia Sinendet. Mji mdogo ambao wengi wetu hatujawahi kuutaja, lakini ndio shingo ya mafuta yetu.

Angalia jambo moja kuhusu Sinendet: iko nchi kavu. Kuna vali, kuna vipimo, kuna watu. Kitu kikianza kulia, fundi anafika kwa gari. Shika hapo, tutarudi.

Sasa, kwa nini tawi ni shida? Muulize fundi yeyote wa mabomba ya maji. Atakuambia bomba zima likiwa sawa, linakaa miaka. Kinachomrudisha kwako kila mara ni elbo na tii, yaani pale mabomba yanapokutana. Kwa mafuta ni vivyo hivyo, ila presha ni kubwa zaidi. Ukuta wa bomba unavutwa pande zote na kile kilicho ndani. Ukikata tundu ili utoe tawi, umeondoa chuma kilichokuwa kinabeba huo mvuto, na mzigo wote unakimbilia kwenye midomo ya tundu. Kwa hiyo kanuni ya wahandisi duniani kote ni kwamba chuma ulichokiondoa lazima ukirudishe kando ya tundu: ama ukuta uwe mnene zaidi hapo, ama uweke kiungo kizito kilichofuliwa kikiwa kipande kimoja.

Hilo ni kwa bomba la ukuta mmoja. Weka kuta mbili uone kazi.

Bomba ndani ya bomba lina maana mbili. Ya kwanza ni joto: mafuta yenye nta yakipoa huganda, kwa hiyo la ndani hubeba mafuta ya moto, la nje huzuia maji, na katikati hujazwa kitu cha kuhifadhi joto kama blanketi. Maana ya pili ni usalama: la ndani likivuja, la nje linashika, na kile kinafasi cha katikati kinaweza kupimwa ili kituo kijue mapema.

Sasa fikiria mafuta ya moto yakipita. Chuma hutanuka. Kilomita moja ya bomba la chuma ikipashwa joto kwa nyuzi 50, inataka kurefuka kwa karibu sentimita 58. Hiyo ni zaidi ya nusu mita, kwa kilomita moja tu! La ndani limepata moto, linasukuma. La nje limelala kwenye maji baridi, halitaki kusonga. Kuta mbili zinavutana kila siku. Halafu wewe unataka kutoboa zote mbili mahali pamoja na kutoa tawi. Ukiacha la ndani litembee, tawi litagonga ukingo wa tundu la nje na kukatika. Ukilifunga lisitembee, nguvu yote inaishia kwenye hicho kiungo.

Njia ambayo wahandisi huitumia ni kukubali kwamba pale kwenye tawi, kuta mbili haziwezi kuendelea kama kawaida. Wanazifunga kwa kizuizi kigumu cha chuma kinachoshikanisha la ndani na la nje, upande unaoingia, upande unaotoka, na upande wa tawi. Vizuizi vitatu. Katikati yake kinakaa kiungo kizito, kisha kuta mbili zinaanza upya. Vizuizi hivyo vina faida nyingine: maji yakiingia kwenye nafasi ya katikati upande mmoja, hayajazi bomba zima. Lakini umeona kilichotokea? Mahali penye hatari kuliko pote ndipo lile koti la pili linapokatika. Wewe uliyeuziwa kuta mbili, kwenye tawi unategemea kipande kimoja cha chuma na mkono wa aliyekichomelea.

Na usidhani wataalamu wote wanakubaliana kuhusu kuta mbili. Kule Alaska, BP ilipolaza bomba la mradi wa Northstar chini ya bahari yenye barafu, mafuta yakaanza kutoka 2001, walijadili sana kuta mbili na mwishowe wakachagua ukuta mmoja mnene. Sababu mojawapo: ukuta wa nje wa bomba la kuta mbili ni mgumu kuukagua. Miaka michache baadaye, mradi wa jirani wa Oooguruk ukachagua bomba ndani ya bomba. Bahari ni ileile, majibu mawili. Kwa hiyo mtu akija na neno "kuta mbili" kama dawa ya kila ugonjwa, muulize maswali.

Turudi Afrika Mashariki. Bomba la baharini lililo karibu nasi liko Tanzania. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, lakini ilianza kutumika 2004, kwa bomba la inchi 12 lililopita chini ya bahari kilomita 25 hivi kutoka kisiwani mpaka Somanga Fungu, kisha kilomita 200 na kitu za nchi kavu mpaka Dar es Salaam. Mwaka 2015 likazinduliwa lile kubwa la inchi 36 kutoka Madimba, Mtwara, na Songo Songo ikapewa bomba jipya la inchi 24 la baharini ili liungane nalo. Wapi? Somanga Fungu, nchi kavu. Gesi ya kisiwani ilivuka bahari kwanza, ikatoka majini, ndipo ikaungana na ya Mtwara.

Na lile bomba la mafuta ghafi la EACOP, kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ndilo lenye koti la joto hapa kwetu, kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta na lazima yabaki na nyuzi 50 au zaidi. Mwenzangu, hilo nalo linazunguka Ziwa Victoria upande wa magharibi. Halikupita ndani.

Sasa twende Marekani kidogo, kwa sababu wao wana maziwa kama sisi na watu wanakunywa maji yake. Tangu 1953 kuna bomba linaitwa Line 5, la kampuni ya Enbridge, linalovuka Mlango wa Mackinac kati ya Ziwa Michigan na Ziwa Huron. Bomba la inchi 30 likifika ufukweni linagawanyika kuwa mawili ya inchi 20, yanavuka majini, kisha yanaungana tena ng'ambo. Mgawanyiko na muungano, vyote viko nchi kavu. Na hata hivyo hawalali usingizi: Aprili 2018 nanga ya meli iliyokuwa ikiburutwa ilikata nyaya za umeme chini ya maji na kulibonyeza bomba. Tangu hapo wamekuwa wakizozana mahakamani na kwenye siasa kama lifungwe au liingizwe ndani ya handaki.

Sinendet, Somanga Fungu, Mackinac. Miaka tofauti, fedha tofauti, watu tofauti. Wote waliamua jambo moja: mabomba yagawane au yakutane mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kugusa.

Kuna atakayesema naogopesha watu bure. Basi tukumbuke. Tarehe 12 Septemba 2011, Sinai, Nairobi, petroli ilivuja kutoka kwenye mfumo wa Kenya Pipeline ikaingia mtaroni, ikashika moto, na watu zaidi ya 100 wakafa. Maelezo yaliyotolewa siku zile yalitaja gasketi ya vali iliyoshindwa na presha. Gasketi, jamani. Kitu kinachokaa pale vipande viwili vinapokutana. Halafu 2015, kule Thange, Makueni, lile bomba la 1978 lililokuwa limezeeka likavuja, mto na visima vikaharibika. Sinai ni somo la maungio, Thange ni somo la uzee. Zote mbili zilitokea ardhini, ambapo watu waliona na kunusa. Chini ya ziwa nani atanusa?

Na sisi tuna nini cha kupoteza? Kenya ina kama asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na sehemu kubwa ya ukingo huo ni Homa Bay, Migori, Siaya, Kisumu na Busia. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, na maji yake hutoka kwenda ziwa kubwa kwa kupitia mlango mwembamba pale Mbita. Mafuta yakimwagika ndani ya ghuba, hayatapotea haraka. Omena, mbuta, ngege, maji ya kupikia, vyote ni hapo.

Tena mafuta yameshaanza kupita. Jeti ya mafuta ya Kisumu ilimalizika 2018, ikakaa karibu miaka mitano ikingoja Uganda imalize upande wake, ndipo meli ya MV Kabaka Mutebi II ikaanza kubeba lita milioni kadhaa kwa safari moja. Meli hiyo lazima itoke kwenye ghuba ile ile. Kwa hiyo mjadala huu si wa watoto wetu. Ni wa sasa.

Mimi sipingi bomba. Malori nayo huanguka, hushika moto, na huua. Tena bei ya huku inaumiza. Ninachosema ni kwamba siku mradi wowote wa hivi utakapoletwa, sheria inataka tathmini ya mazingira kupitia NEMA, na Katiba ya 2010 inataka wananchi tushirikishwe. Ule mkutano usiwe wa kula soda na kupiga makofi. Twende na maswali matatu.

Moja: matawi yatatolewa majini au ufukweni? Kama ni majini, kwa nini, wakati hata wenye pesa walikwepa?

Mbili: kwenye kila tawi na kila mwisho, ukuta wa pili unaishia wapi, na nani atakagua hapo baada ya miaka 30? Thange ilitufundisha kwamba bomba huzeeka.

Tatu: likivuja usiku wa manane, vali ya karibu iko wapi na inafungwa kwa dakika ngapi? Mwaka 2010, kule Michigan, bomba jingine la Enbridge lilipasuka, na ilichukua saa 17 kabla ya kituo kukubali kwamba mafuta yanamwagika na kulifunga. Saa 17, kwa kampuni yenye kompyuta zote hizo.

Wakijibu haya matatu vizuri, mimi mwenyewe nitakuja Homa Bay pier kushangilia. Wakishindwa, acha petroli iendelee kuja na malori ya Oyugis huku tukiwabana wapunguze gharama kwa njia nyingine. Bei ikipanda leo, mwezi ujao inaweza kushuka. Ziwa likiharibika, hakuna tarehe 14 ya kulirekebisha.